Kano Mgongoni mwa Upinde

Ndugu mkulima, unapochinja ng'ombe au mbuzi, zile kano nyeupe za miguuni na za mgongoni unazipeleka wapi? Wengi wetu tunawatupia mbwa. Leo tuzungumze juu ya watu ambao kwao kano zilikuwa mali, maana bila ya hizo upinde wao mfupi ungekatika, na upinde ukikatika nyumbani hakuna chakula.

Kwanza tuutazame upinde wenyewe. Ukiuvuta, upande wa tumbo, ule unaokutazama wewe, unabanwa. Upande wa mgongo, unaotazama mbele, unavutwa. Ufa mara nyingi huanzia huko mgongoni. Mti unaweza kurefuka kiasi cha sehemu moja tu katika mia, kisha unapasuka. Kano hurefuka mara kadhaa kuliko hivyo na kurudi kama ilivyokuwa. Upinde ukiwa mrefu hakuna shida, kwa sababu kila sehemu inapinda kidogo tu. Ndiyo maana Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hutengeneza upinde mrefu wa mti mtupu, na kano wanazitumia kwa upote. Lakini mtu akitaka upinde mfupi wenye nguvu, wa kupita nao vichakani au kupigia juu ya farasi, hana budi aukinge mgongo. Waturuki wa zamani walifanya hivyo, tena wakaongeza pembe upande wa tumbo.

Sasa twende California, Marekani. Huko waliishi Wayahi, wawindaji wa milimani na wavuvi wa samaki aitwaye samoni. Mwaka 1848 dhahabu ilionekana, na kuanzia 1849 watu wakamiminika kwa maelfu. Matope ya machimbo yakaharibu mito, mifugo ya walowezi ikamaliza malisho ya wanyama wa porini, na katika miaka ya 1860 vijiji vya Wayahi vikashambuliwa, watu wakauawa, wake kwa waume na watoto. Waliobaki wachache walijificha korongoni karibu miaka 40. Hapo utaona faida ya upinde, ndugu yangu: bunduki inalia, upinde haulii.

Mwaka 1908 wapima ardhi waliikuta kambi yao ya siri, wakachukua vitu vilivyokuwamo. Hebu fikiri, kumnyang'anya vyombo vyake mtu asiyekuwa na duka wala jirani! Mwezi Agosti 1911 mtu mmoja peke yake, amekonda kwa njaa, alikutwa kwenye machinjio karibu na mji wa Oroville. Hakutaka kutaja jina lake, kwa kuwa mila ilimkataza, basi wataalamu wakamwita Ishi, yaani "mtu" katika lugha yake. (Kwetu neno hilo lina maana nyingine, lakini ni sadfa tu.) Alipelekwa kukaa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu huko San Francisco. Pale daktari mpasuaji, Saxton Pope, akawa mwanafunzi wake wa upinde.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Ishi alipenda mti ulio ndugu ya mtarakwa wetu wa milimani. Aliuchonga, akaukausha, akaulainisha; urefu wake kama sentimeta 107, haufiki hata kifuani kwa mtu mzima. Kano zilikuwa za mnyama wa huko aliye mfano wa kulungu. Alizichambua nyuzi nyuzi na kuzitafuna mpaka zikawa laini. Gundi aliipata kwa kuchemsha ngozi ya samoni. Usishangae: ngozi na kano asili yake ni moja, kwa hiyo gundi ya ngozi na kano vikikauka vinashikana kama kitu kimoja.

Alipaka gundi mgongoni, akazilaza kano kwa urefu, akazipindua kwenye ncha mbili, akafunga kila kitu kwa magamba ya mti na kuacha siku kadhaa. Hapo ndipo penye siri kubwa. Kano inapokauka inajikunja, na ikijikunja inauvuta upinde kwa nyuma kabla hata hujautia upote. Mwenye haraka hapa anaharibu, maana kano ikiwa bado mbichi ndani haina nguvu. Baadaye alifungua, akasawazisha, akapaka gundi tena. Kuuvuta upinde huo kulihitaji nguvu ya kama kilo 20, na hiyo inatosha kumwangusha mnyama mkubwa.

Adui wake ni unyevu. Gundi ya ngozi ikilowa inalegea, kano nazo zinabanduka. Kwa hiyo usitazamie kuikuta kazi hii katika misitu ya mvua. Ni ya nchi kavu, au ya watu wanaojua kuuhifadhi upinde vizuri.

Ishi alifariki kwa kifua kikuu mwezi Machi 1916. Miaka miwili baadaye Pope alichapisha aliyofundishwa, pamoja na masharti ya mwalimu wake: upinde usiotumika ulazwe, usisimamishwe, kwa maana ukisimama unaendelea kufanya kazi, unatoka jasho na kudhoofika, wala mtoto asiuruke.