Udongo, si vumbi

Madereva wa Marekani wa mbio za magari kwenye njia za udongo hupanga msimu mapema: Februari wako Volusia, Florida; Agosti wako Knoxville, Iowa, kwenye mashindano yaliyoanza 1961. Mbio hizi tukiziita "mbio za vumbi" tunakosea. Vumbi ndilo adui wa mwenye uwanja. Ndiyo maana njia hunyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya magari kuingia. Kinachoshika tairi ni udongo wa mfinyanzi, tena ukiwa bado na unyevu. Usiku ukisonga, magari huuchimbua na kuurusha ukingoni, ukajikusanya kuwa tuta. Dereva hodari huegemeza gurudumu la nyuma la kulia kwenye tuta hilo, gari likienda mshazari, akawapita wenzake kwa nje. Basi tuandike "mbio za udongo". Na tuta libaki tuta. Kila mkulima analijua.