Kiyunani cha Mchunga Kondoo: John Brown na Shaka ya Elimu Isiyo na Mwalimu

Mwaka 1738 kijana wa miaka 16, mchunga kondoo wa karibu na Abernethy huko Uskoti, alimwachia mwenzake kundi lake, akatembea usiku takriban kilomita 38 hadi mji wa St Andrews. Alikwenda kununua Agano Jipya la Kiyunani. Simulizi iliyoenea yasema kwamba alipouliza kitabu hicho dukani alichekwa, mpaka mwalimu mmoja wa chuo kikuu alipoahidi kwamba akiweza kukisoma atakipata bure. Alikisoma, akaondoka nacho. Jina lake lilikuwa John Brown.

Simulizi hiyo imependwa kwa sababu ya ukarimu wa mwalimu. Hata hivyo, jambo kubwa zaidi lilikwisha kutendeka kabla ya safari. Brown alizaliwa mwaka 1722 katika nyumba ya mfumaji maskini. Alisoma shule kwa miezi michache tu, na akafiwa na wazazi wote wawili angali mdogo. Katika zama hizo Kiyunani kilifundishwa kwa kupitia Kilatini, nayo njia ya kawaida ya kukifikia ilikuwa shule na chuo. Je, asiye na shule wala ada angeanzia wapi?

Brown alianzia katika kile alichokijua. Alikuwa na Kilatini kidogo, na katika maelezo ya kitabu kimoja cha Kilatini alikutana na maneno ya Kiyunani yaliyomfunulia baadhi ya herufi. Kisha akageukia majina ya watu katika Injili. Jina halitafsiriwi, hubaki karibu na sauti yake. Anayejua mahali lilipo jina la Abrahamu au la Daudi katika nasaba ya Yesu anaweza kulitafuta mahali pale pale katika Kiyunani, na kila jina likampa herufi mbili tatu, hadi zote 24 zitimie. Baada ya majina alilinganisha maneno mafupi na tafsiri ya Kiingereza, halafu akachunguza miisho ya maneno.

Hapo ndipo penye ugumu kwa kila anayeanza. Msemaji wa Kiswahili amezoea kuona mtenda na mtendwa wakitajwa ndani ya kitenzi, mwanzoni na katikati. Katika Kiyunani, nomino yenyewe hubadili mwisho wake: *anthropos* ni mtu atendaye, *anthropon* ni mtu atendwaye. Brown hakuwa na jedwali la kanuni hizo. Alizikusanya mstari baada ya mstari, akisaidiwa na miisho ya Kilatini. Biblia aliyokwisha kuizoea ndiyo iliyokuwa kamusi yake, na ndiyo iliyokuwa sarufi yake.

Malipo ya kazi hiyo yalikuwa tuhuma. Baadhi ya waumini wenzake walidai kwamba kijana wa namna ile asingeweza kukijua Kiyunani bila kufundishwa na Shetani. Tuhuma hiyo haikuwa mzaha. Sheria ya kuwaadhibu wachawi ilikuwa imefutwa Uingereza na Uskoti mwaka 1736 tu, na mwaka 1743 viongozi wa kanisa la waliojitenga, ambalo Brown alikuwa muumini wake, waliihesabu hatua hiyo miongoni mwa dhambi za taifa. Shaka hiyo ilimwandama kwa miaka kadhaa. Hata kasisi wake mwenyewe aliishiriki. Katika muda huo Brown alichuuza bidhaa kijiji kwa kijiji, akawa askari wakati wa uasi wa 1745, kisha akafundisha shule.

Mwaka 1751 alisimikwa kuwa kasisi wa Haddington, na baadaye akawa mwalimu wa teolojia wa kanisa lake. Biblia yake yenye maelezo, iliyotoka mwaka 1778, ilikusudiwa msomaji wa kawaida aweze kuifasiri Biblia kwa Biblia yenyewe. Mtu aliyejifunza kwa kulinganisha aya na aya aliwaachia wengine njia ile ile.

Waliomtuhumu hawakukana kwamba alikijua Kiyunani. Walichokikataa ni kwamba kijana wa malishoni angeweza kukipata kwa akili na bidii yake. Mtu wa tabaka lao aliposoma Kiyunani, waliuliza amefika wapi katika masomo. Brown aliposoma, waliuliza amekitoa wapi.