Malezi ya utotoni, mwenzi na tabia ya mzazi

Namna mzazi anavyomtendea mtoto, awe mpole, mkali au asiyejali, hutegemea sana jinsi yeye mwenyewe alivyolelewa na mtazamo wa mwenzi anayelea naye. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Mmarekani Jay Belsky aliyaweka mambo hayo katika nadharia moja, akiongeza hulka ya mtoto, kazi ya mzazi na watu wanaomzunguka.

Yaliyompata mtu utotoni humrudia akishapata mtoto. Selma Fraiberg na wenzake waliandika mwaka 1975 juu ya mama aliyemwacha mchanga wake alie kana kwamba hamsikii; naye alipokuwa mdogo, kilio chake hakikusikilizwa na mtu. Waliona kwamba wanaorudia mateso hukumbuka matukio lakini wamesahau uchungu wake. Anayeukumbuka uchungu huwa hataki mwanawe auonje.

Hata hivyo, kusema aliyepigwa lazima atapiga ni kuwaonea wengi. Joan Kaufman na Edward Zigler, walipopitia tafiti mwaka 1987, walikadiria kuwa takriban asilimia 30 ya waliodhulumiwa utotoni huja kuwadhulumu watoto wao. Walio wengi hawafanyi hivyo.

Hapo ndipo mwenzi anapoonekana uzito wake. David Quinton na Michael Rutter waliwafuatilia hadi utu uzima wasichana waliokulia katika makao ya watoto mjini London. Kwa jumla walipata shida zaidi ya wenzao katika kulea, lakini walioishi na mume mtulivu aliyewaunga mkono walilea vizuri. Tena mume huyo hakuwa bahati tupu: waliofurahia shule walielekea zaidi kupanga maisha yao, na hata mchumba walimchagua kwa kufikiri. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na kila anayeendesha makao ya watoto, kwa sababu shule nzuri ilimfaa msichana hata alipofika kwenye ndoa.

Mwenzi huweza pia kufunga mlango. Baba anayejifunza kumwogesha mchanga, akinyang'anywa mtoto kila anapokosea, huacha kujaribu. Mama akikemewa mbele ya watoto kwa kukataa kuchapa, ama hunyamaza ama huanza kuwatetea kwa siri, na watoto hujua haraka ni nani wa kuombwa ruhusa na nani wa kufichwa. Wanandoa wanaopatana juu ya adhabu kabla mtoto hajakosa hupunguza sana mvutano huo, hata kama kila mmoja alilelewa kwa namna yake.