Kujizima kwa kompyuta

Kujizima kwa kompyuta ni hali ya kompyuta kuzimika yenyewe ikiwa kazini, bila mtumiaji kuiagiza. Isichanganywe na kuganda, ambako picha hubaki kwenye skrini lakini kipanya hakisogei, wala na kujiwasha upya, ambako mashine huzimika kidogo kisha ikarudi. Mashine inayozimika papo hapo, feni zikasimama na taa zikafa kwa pamoja, kwa kawaida imekosa umeme au imejikatia umeme ili kujikinga. Inayoonyesha skrini ya buluu kisha ikajiwasha upya mara nyingi ina kasoro ya kumbukumbu, diski au programu. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kutazama na kuandika: ilizimika baada ya dakika ngapi, ilikuwa ikifanya nini, na ilikubali kuwaka mara moja au ilitaka kupumzishwa kwanza. Kufuta diski na kusakinisha Windows upya, dawa inayotolewa kwa haraka mno, hakuondoi vumbi kwenye feni, na kumewapotezea watu picha za harusi na kazi za shule zisizohusika kabisa na ugonjwa wenyewe.

Joto ndilo la kushukiwa mwanzo. Dalili yake haifichiki: kompyuta hufanya kazi nusu saa, huzimika, ukiiwasha hapo hapo hudumu dakika tano tu, lakini ikiachwa ipoe hurudia nusu saa yake. Prosesa nyingi za leo hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi kupanda hukata umeme wa mashine nzima. Kinga hii haikuwapo siku zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha filamu fupi ambamo kipoozeo kiling'olewa juu ya prosesa zikiwa kazini: Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi ikaendelea, ilhali Athlon za AMD za wakati huo ziliungua. Kwa hiyo kompyuta inayojizima kwa joto inajiokoa, na kuilazimisha iwake tena na tena ni kuitesa.

Tiba huanza na brashi laini na hewa ya kupuliza. Kompyuta iliyowekwa sakafuni juu ya zulia hufyonza vumbi na nyuzinyuzi hadi mapezi ya kipoozeo yakazibwa kama kwa blanketi. Mashine izimwe na ichomolewe kabisa, na feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza ili isizungushwe kwa kasi isiyo yake. Mashine ya miaka mingi huwa pia na grisi ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na kipoozeo. Hufutwa kwa spiriti, kisha hupakwa mpya kiasi cha punje ya dengu. Hili la grisi husahaulika sana, na watu hununua feni mpya bila kupata nafuu.

Baada ya joto huja umeme. Pawa saplai, lile sanduku linalopokea waya wa ukutani, hugeuza umeme wa volti 230 kuwa volti 12, 5 na 3.3, ambazo kwa kanuni za ATX hazitakiwi kupotoka zaidi ya asilimia 5. Iliyochoka hustahimili kuandika barua, lakini mchezo wenye picha nzito ukianza inazidiwa na kukata. Njia ya uhakika ya kuithibitisha ni kuazima nyingine nzima na kuijaribu kwa siku moja. Isifunguliwe na asiye fundi: kapasita yake kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Kompyuta kuukuu zilizotoka Marekani zitazamwe nyuma, kwani baadhi zina kitufe cha kuchagua volti 115 au 230, na kuichomeka Dar es Salaam au Mombasa kitufe kikiwa kwenye 115 ni kuiua siku hiyo hiyo.

Kosa laweza pia kuwa la nyumba yenyewe. Pawa saplai iliyobeba mzigo wake kamili hutarajiwa kuvumilia pengo la umeme la takriban milisekunde 16 au 17, muda usiotimia hata mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50. Taa zikififia pampu ya maji inapoanza, na kompyuta ikafa wakati huo huo, hakuna cha kutengeneza ndani yake; inahitaji UPS yenye betri nzima, au soketi iliyokaza.

Kuna dalili moja ndogo ambayo ingewaokolea wengi fedha. Kompyuta ikizimika kila mara baada ya sekunde nne hivi tangu kuwashwa, kibonyezwe kitufe chake cha kuwashia na kutazamwa kama kinarudi. Kitufe kilichonasa ni sawa na kidole kilichokishikilia, na mashine hutii kwa kuzima.

Kapasita za kwenye ubao mama nazo zina historia yake. Miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita nyingi zilitengenezwa zikiwa na kimiminika kibovu ndani. Zilivimba vichwa na kuvuja uji wa kahawia, na Dell OptiPlex GX270 ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Uvimbe huo huonekana kwa macho, na fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu huweza kubadilisha kapasita bila kutupa ubao.

Programu huzima kompyuta mara chache, na inapofanya hivyo huwa na adabu ya kuaga. Agosti 2003 kirusi Blaster kiliingia kwenye Windows XP na Windows 2000 kupitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake mwezi mmoja kabla, na watumiaji wa XP waliona dirisha likihesabu sekunde 60 kabla ya mashine kujiwasha upya. Katika Windows za leo, daftari la matukio huandika namba 1074 pale programu au mtu alipoagiza kuzima. Namba 41 ya Kernel-Power husema tu kwamba mashine ilikatika bila kufungwa vizuri. Haitaji chanzo, ingawa wengi huisoma kana kwamba imekitaja.

Kwa kompyuta mpakato, matundu ya hewa huzibwa na godoro au mto, na betri iliyochakaa hukata ghafla huku skrini ikidai imebaki asilimia 30. Mashine ikitulia inapochomekwa kwenye chaja na kuzimika ikichomolewa, betri ndiyo mgonjwa. Ikiwa imevimba hadi kuinua kibodi, chaja ichomolewe mara moja, mashine izimwe, na betri isitobolewe, isikandamizwe wala kuanikwa juani, kwa sababu betri ya lithiamu iliyopasuka hushika moto.