Jaba haijawahi kumshibisha mtu

Kuna base ya jaba karibu na ploti yetu hapa Kilimani, kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya ukuta wa ghorofa mpya na steji ya boda. Ukipita saa tatu usiku utasikia sentensi moja ikirudiwa: "Mimi sijakula tangu asubuhi na hata sisikii njaa." Inasemwa kwa fahari kabisa. Mimi mwenyewe niliisema sana nikiwa kampasi, usiku kucha nikiediti video huku asaimenti imelala pembeni. (Kampasi tuliachana. Stori ya siku nyingine.)

Nilitaka kujua hiyo sentensi imetoka wapi. Wasee, imetoka mbali.

Kule Nyambene, Igembe na Tigania, kuna miti mikongwe ya miraa inaitwa mbaine, mingine imepita miaka 100. Kwa Wameru miraa ilikuwa na mahali pake: barazani kwa wazee wa Njuri Ncheke, na kwenye posa, ambapo fungu maalum lilipelekwa kwa wazazi wa msichana. Haikuwa lunch.

Mwanasayansi wa kwanza wa Ulaya kuueleza huo mti kitaalamu alikuwa Peter Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763 kabla kitabu chake kutoka 1775. Leo unaitwa Catha edulis, na hilo neno la pili maana yake ni "kinacholiwa". Cheki hiyo kejeli: mmea unaokuzuia kula umepewa jina la chakula.

Miaka ya 1940 wakoloni walijaribu kuizuia miraa kaskazini mwa Kenya, wakashindwa. Halafu 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ikapata kemikali yenyewe, kathinoni, ndugu wa amfetamini. Kathinoni huanza kuharibika jani likikauka, kama siku mbili hivi nguvu zimeisha. Ndiyo maana unaona yale magari ya Maua yanakimbia kama yanafukuzwa, miraa imefungwa kwa majani ya mgomba, ikimbilie ndege Wilson. Uingereza ilifunga mlango 2014. Somalia ikafunga 2020, ikafungua 2022.

Sasa njaa. Tumbo likiwa tupu linatoa homoni inaitwa grelini, iliyogunduliwa Japani 1999, inayopanda hadi kwenye ubongo kusema "tafuta chakula." Ukishakula, utumbo unatuma homoni zingine kusema "tosha." Mafuta ya mwili nayo yana leptini, iliyogunduliwa Marekani 1994, inayoripoti akiba iliyobaki. Ni mazungumzo yasiyoisha kati ya tumbo na kichwa.

Mwaka 2008 watafiti Uingereza waliwapa watu miraa, wakapima damu yao. Wale watu walisikia njaa kidogo na shibe zaidi, lakini grelini haikubadilika. Soma hiyo tena. Tumbo liliendelea kupiga simu kama kawaida. Ni ubongo uliokataa kushika. Utafiti mwingine, wa 1995, ulionyesha pia kwamba miraa inachelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hivyo hata kile kidogo ulichokula kinakaa pale kikikudanganya.

Mei 2024 gavana wa Mombasa alipopiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mahakama ikasimamisha, na nchi nzima ikabishana: pesa za wakulima wa Embu upande huu, akili za vijana wa Pwani upande ule. Pande zote zilikuwa na hoja, sikatai. Lakini kwa yote niliyosikia, hakuna aliyeuliza hao vijana wanakula nini.

Kwa sababu mimi najua hesabu niliyokuwa nikipiga. Jaba ya mia inanifikisha asubuhi. Chakula cha maana hapa mtaani ni mia mbili na kitu, na saa tano baadaye nitakitaka tena. Nilikuwa naita hiyo kujituma. Ilikuwa ni kukosa pesa tu, na handas ikiisha alfajiri njaa yote ilirudi mara moja, mikono inatetemeka na maduka yamefungwa.

Juzi nikamuuliza mwenye base kwa nini asiuze mayai boilo na smokie hapo kando ya PK na njugu.

Akacheka. "Buda, kwa hawa? Nani atanunua?"