Jina Lipi? Askari wa Keya na Vilima vya Chai

Ukilitaja neno Keya mbele ya mzee wa Kericho au Bomet, huna haja ya kulifafanua. Ni herufi tatu, K.A.R., za kikosi cha King's African Rifles kilichoundwa 1902, zikatamkwa kwa ulimi wetu hadi zikawa neno. Kiswahili cha kambini, kile kilichopuuza ngeli na kuamrisha zaidi ya kuzungumza, kikaitwa Kikeya. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi nazo zilitokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo lugha imeyahifadhi majina ya vikosi. Je, majina ya watu waliofia humo?

Tazama sanamu ya askari iliyopo Kenyatta Avenue, Nairobi, iliyozinduliwa 1928. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno hayo, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanamwambia askari kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lipi? Pale mnarani hakuna hata moja.

Na haikuwa bahati mbaya. Kamisheni ya makaburi ya vita ya Uingereza, iliyoundwa 1917, ilishikilia kwamba wafu wote ni sawa, awe jenerali au kuruta. Mwaka 2021 kamisheni hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika na Mashariki ya Kati. Hoja za wakati ule zinashangaza. Gavana wa Gold Coast, Ghana ya leo, alisema 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida hangeelewa maana ya jiwe la kaburi. Ati hangeelewa!

Hapo ndipo napenda kuwaingiza Wakipsigis, kwa sababu wao jambo la jina la mfu wanalijua kuliko gavana yeyote. Katika mila ya kurenet, mtoto anapozaliwa akina mama huyaita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, wakingoja mtoto apige chafya. Jina lililotajwa alipopiga chafya ndilo lake. Mzee huyo amerudi. Haya majina tunayoyasikia kila siku, Kiplangat wa jioni au Kipkoech wa alfajiri, hueleza wakati au hali ya kuzaliwa. Jina la kurenet ndilo linalomfunga mtoto na mfu. Sasa ebu fikiria: jamii ambayo haiwezi kumpa mtoto jina bila kwanza kuwataja wafu wake, ndiyo inayoambiwa kwamba hangeelewa kumbukumbu.

Ila vita ile ya kwanza iliacha alama Kericho, tena kubwa. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia mashamba wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani, na kura ikapigwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi, kama bahati nasibu. Huko Kericho, karibu ekari 25,000 zilitengewa koloni la maafisa waliolemaa vitani. Walipanda kitani. Bei ikaporomoka muda mfupi baadaye na mradi ukafa. Lakini je, ardhi ilirudi kwa wenyewe? Wapi! Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, ziliingia Kericho. Afisa Mwingereza alilipwa shamba kwa mguu alioupoteza. Mkipsigis wa Keya aliyepigana vita hivyo hivyo hakuwa na tiketi katika kura ile, na majani chai yakamea kwenye malisho ya baba yake. Ukipita leo barabara ya Kericho kuelekea Bomet na kuona ule ukijani usiokatika, unayaona pia matunda ya vita, ingawa hakuna bango linalosema hivyo.

Vita vya Pili vilikuwa afadhali, kwa upande wa maandishi. Kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road yameandikwa majina ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu, na watu karibu 1,300 wakafa. Waliofia Burma wasiojulikana walikozikwa wamo katika mnara wa Rangoon. Lakini ni mjane gani wa Sotik angefika Rangoon kulisoma jina la mumewe?

Wapo waliokataa kungoja serikali. Wayahudi wa Uingereza, jamii ndogo, walichapisha 1922 kitabu chao cha heshima chenye majina ya Wayahudi wapatao 50,000 waliotumikia majeshi ya Uingereza katika vita vile vya kwanza, wakiwemo waliouawa. Mhariri alikuwa Michael Adler, kasisi wao wa jeshi, aliyewahi pia kuhakikisha kwamba makaburi ya askari wa Kiyahudi yanawekwa Nyota ya Daudi badala ya msalaba. Miaka minne tu baada ya vita kwisha, kazi ilikuwa tayari. Wao walikuwa na wachapishaji na watu wa kusikilizwa London, sikatai. Kipsigis wa 1922 alikuwa na kipande shingoni.

Kitabu cha namna hiyo kwa Kericho na Bomet bado kinaweza kuandikwa, na si lazima kianzie kwenye nyaraka za jeshi, ambazo karani wa Kikeya aliandika jina jinsi alivyolisikia. Kianzie kwa akina mama wanaojua ni nani aliyeitwa siku mtoto fulani alipopiga chafya. Wajukuu waliopewa majina ya askari miaka ya 1940 na 1950 sasa wako katika miaka ya sabini na themanini. Waulizwe jina hilo lilikuwa la nani, na alikufia wapi.