Kijana tajiri (Injili)

Kijana tajiri ni jina la mazoea la mtu ambaye, kadiri ya Injili, alimwendea Yesu kumwuliza afanye nini apate kuurithi uzima wa milele. Aliagizwa auze alivyo navyo, awagawie maskini, kisha amfuate. Akaondoka kwa huzuni, kwa kuwa alikuwa na mali nyingi. Habari zake zimo katika Injili Ndugu zote tatu (Mathayo 19:16-30; Marko 10:17-31; Luka 18:18-30); Injili ya Yohane haimtaji. Jina lenyewe ni la kuungaunga: Mathayo peke yake ndiye anayesema alikuwa kijana, Luka anamwita mkuu, na kwa Marko ni mtu tu aliyekuja mbio. Wote watatu wanakubaliana juu ya utajiri wake, na hakuna anayemtaja jina.

Masimulizi

Tukio limewekwa safarini, Yesu akielekea Yerusalemu, mara tu baada ya kuwabariki watoto wadogo. Wataalamu wengi huyahesabu masimulizi ya Marko kuwa ya kwanza, nayo ndiyo yenye uhai zaidi. Mtu yule anakimbia na kupiga magoti, jambo ambalo mwenye hadhi hakutarajiwa kulifanya njiani mbele za watu. Anamwita Yesu mwalimu mwema, naye anajibiwa kwamba hakuna aliye mwema ila Mungu. Jibu hilo lilitumiwa na Waario katika karne ya 4 kuukana umungu wa Kristo. Kwa Mathayo swali limegeuzwa likawa juu ya jambo jema la kutenda, na ugumu huo haujitokezi.

Yesu anamtajia amri zinazohusu jirani: kutoua, kutozini, kutoiba, kutoshuhudia uongo, kuwaheshimu wazazi. Marko anaongeza kutowapunja watu, Mathayo anaongeza kumpenda jirani. Amri ya kutotamani mali ya mwenzako haitajwi katika Injili hata moja kati ya hizo tatu, na ukimya huo umewapa wahubiri mengi ya kusema. Mtu yule anajibu kwamba ameyashika hayo yote. Hapo Marko, na Marko peke yake, anaandika kwamba Yesu alimkazia macho akampenda. Agizo la kuuza mali linafuata papo hapo, kwa hiyo msomaji wa Marko analisikia kama tunda la upendo huo wala si adhabu. Isitoshe, msomaji huyo hajaambiwa bado kwamba anayesemeshwa ni tajiri. Analijua hilo katika sentensi ile ile inayomwonyesha akienda zake.

Mazungumzo na wanafunzi yanafuata. Yesu anasema ni rahisi zaidi ngamia kupita katika tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu; wanafunzi wanashangaa na kuuliza ni nani basi awezaye kuokoka; wanajibiwa kwamba lisilowezekana kwa wanadamu linawezekana kwa Mungu. Petro anakumbusha kwamba wao wameacha vyote. Ahadi anayopewa ni ya kulipwa mara mia, ambayo kwa Marko inakuja pamoja na udhia, na kwa Mathayo inatanguliwa na viti 12 vya enzi.

Luka anaweka karibu na habari hii ile ya Zakayo wa Yeriko, mkubwa wa watoza ushuru, aliyetoa nusu ya mali yake na kuambiwa kwamba wokovu umefika nyumbani mwake. Wafafanuzi wanaotafuta nafuu kwa matajiri hukimbilia huko upesi.

Mazingira ya Kiyahudi

Torati huhesabu wingi wa mifugo na mavuno kuwa baraka, na mababu kama Abrahamu walikuwa matajiri. Ndiyo sababu ya mshangao wa wanafunzi. Sadaka kwa maskini ilikuwa wajibu. Jumuiya ya Kiyahudi ya Qumran iliweka mali za wanachama pamoja, lakini hiyo ilikuwa njia ya wachache. Mapokeo ya marabi yanayohusishwa na mji wa Usha, karne ya 2, yalimkataza mtu kutoa zaidi ya sehemu ya tano ya mali yake, asije akawa ombaomba naye.

Ngamia na tundu la sindano

Ngamia alikuwa mnyama mkubwa kuliko wote waliozoeleka Palestina, na tundu la sindano ni uwazi mdogo kuliko wote wa nyumbani. Talmudi ya Babeli inatumia mfano wa namna hiyo hiyo kwa tembo.

Kuna jitihada za zamani za kuulegeza usemi huu. Ya kwanza inasema neno la awali lilikuwa kamba ya nanga, ambalo kwa Kigiriki latofautiana na ngamia kwa irabu moja. Hati chache za baadaye zimeandikwa hivyo. Ya pili, inayopendwa zaidi na waongoza mahujaji, inasema palikuwa na lango dogo Yerusalemu lililoitwa Tundu la Sindano, ambamo ngamia aliweza kupita akitua mizigo na kupiga magoti. Lango hilo halijapata kuonekana katika uchimbaji wowote, na maandishi yanayolitaja yanaanza karne nyingi baada ya Injili. Zaidi ya hayo, kama ngamia angeweza kupita kwa kupiga magoti, mshangao wa wanafunzi usingekuwa na maana. Jitihada ya tatu imo ndani ya hati zenyewe: katika Marko 10:24 baadhi yake huongeza kwamba wanaosemwa ni wale wanaotegemea mali, wakati hati nyingine za kale zasema tu kwamba ni vigumu kuingia katika ufalme.

Kurani nayo inautumia mfano wa ngamia na tundu la sindano (Al-A'raf 7:40), huko wakisemwa wanaozikadhibisha ishara za Mungu. Jambo la kuvutia ni kwamba wafasiri wa Kiislamu pia walihifadhi kisomo kinachoweka kamba nene mahali pa ngamia.

Historia ya ufafanuzi

Mababa wa Kanisa

Origene amehifadhi, katika ufafanuzi wake wa Mathayo uliotufikia kwa Kilatini, kipande cha Injili ya Waebrania ambamo tajiri anajikuna kichwa asipendezwe na agizo. Yesu anamwuliza awezaje kudai ameishika sheria hali ndugu zake, wana wa Abrahamu, wamevaa matambara na kufa njaa, na nyumba yake imejaa mema yasiyotoka nje.

Klementi wa Aleksandria aliandika kitabu kizima juu ya tukio hili mnamo mwaka 200, akijiuliza ni tajiri yupi atakayeokoka. Aleksandria ilikuwa bandari kubwa ya biashara na Kanisa lake lilikuwa na waumini wenye fedha, baadhi yao wakiwa wamekata tamaa. Kwa Klementi, kinachotakiwa kuuzwa ni tamaa iliyo rohoni. Mtu aweza kutupa mali akabaki ameitamani usiku na mchana. Na kama hakuna mwenye kitu, wenye njaa watalishwa na nani? Hoja hiyo ya mwisho imerudiwa na karibu kila mtetezi wa mali ya Wakristo tangu hapo.

Basili Mkuu aliisoma kinyume. Akihubiri Kaisaria ya Kapadokia katika miaka ya njaa, mnamo 368-369, alisema kijana yule hakuwa ameishika amri ya upendo hata kidogo: ambaye kweli ampenda jirani kama nafsi yake hawezi kuwa na zaidi ya jirani. Yohane Krisostomo alifuata mkondo huo huo.

Katika mazingira ya mwanateolojia Pelagio, mwanzoni mwa karne ya 5, ulitungwa waraka juu ya utajiri uliodai kwamba maskini wapo kwa sababu tajiri yupo. Agostino wa Hippo, alipoulizwa na Hilario wa Sirakusa kama tajiri aweza kuokoka bila kuacha mali, alijibu kwamba kuna amri kwa wote na shauri kwa wanaotaka ukamilifu. Mgawanyo huo ulitawala Magharibi kwa zaidi ya miaka 1000.

Antoni na watawa

Aliyeipa habari hii nguvu kuliko mfafanuzi yeyote ni Antoni Mkuu (mnamo 251-356), Mmisri aliyeachiwa na wazazi dada mdogo na shamba la rutuba la arura 300, yaani ekari 200 hivi. Kwa mujibu wa maisha yake yaliyoandikwa na Atanasi wa Aleksandria, aliingia kanisani agizo kwa tajiri likisomwa, akalichukua kama aliyesemeshwa yeye. Shamba akawapa wanakijiji wenzake. Vinavyohamishika akaviuza, akabakiza kidogo kwa ajili ya dada yake. Baadaye alisikia somo la kutosumbukia kesho, akatoa na hicho kidogo, dada akakabidhiwa kwa mabikira. Dada huyo aliulizwa au hakuulizwa, Atanasi hasemi.

Kitabu hicho kilienea haraka. Agostino anasimulia katika Maungamo kwamba kusikia habari za Antoni kulichangia wongofu wake mwaka 386. Nadhiri ya ufukara ya watawa wa baadaye ina mizizi hapa.

Fransisko na Valdo

Karne ya 12 na ya 13, fedha zilipoanza kuzunguka kwa wingi katika miji ya Ulaya, aya ya Mathayo 19:21, yenye agizo la kuuza mali, ilizaa watu wawili wanaofanana na ambao mwisho wao ulitofautiana. Valdo, mfanyabiashara wa Lyon, alimwuliza mtaalamu wa teolojia njia ya hakika ya kumfikia Mungu, akaonyeshwa aya hiyo. Katika miaka ya 1170 akagawa mali na kuanza kuhubiri. Wafuasi wake walihukumiwa mwaka 1184, si kwa ufukara wao ila kwa kuhubiri bila ruhusa. Mnamo 1208 Fransisko wa Asizi, mtoto wa mwuza vitambaa, alifungua Injili pamoja na Bernardo wa Quintavalle ili kujua la kufanya, wakakuta aya ile ile; yeye alikwenda kwa Papa na kukubaliwa. Baada ya kifo chake (1226) shirika lake liligawanyika kuhusu maana ya kutokuwa na mali, hadi Papa Yohane XXII alipotamka mwaka 1323 kwamba kudai Kristo na mitume hawakumiliki chochote ni uzushi.

Waprotestanti

Luther alikataa mgawanyo wa amri na mashauri, na Ungamo la Augsburg (1530) likazikosoa nadhiri za kitawa. Calvin alifundisha kwamba agizo lilimfunua mtu yule ugonjwa wake wa siri, halikuwa kanuni kwa kila Mkristo. Hatari ya ufafanuzi huo, yaani kila tajiri kujihesabu mzima, aliiona John Wesley, ambaye mahubiri yake juu ya matumizi ya fedha yaliwataka Wamethodisti wachume, waweke akiba, na watoe vyote wawezavyo. Walilishika zaidi la kwanza na la pili, naye alilalamika hadi uzeeni.

Mwanateolojia Mlutheri Dietrich Bonhoeffer (1937) aliwashambulia wanaogeuza utii kuwa jambo la moyoni tu. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alifungua waraka Veritatis Splendor (1993) kwa kuyafafanua mazungumzo haya kwa kirefu.

Afrika Mashariki

Ufukara wa kitawa uliletwa na wamisionari, wakiwemo Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898. Mtawa hakuwa na chake, ingawa misheni ilikuwa na mashamba na karakana. Katika Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda miaka ya 1930, waliookoka walijulikana kwa kuungama hadharani na kurudisha vya wizi, kwa mfano wa Zakayo kuliko wa kijana tajiri.

Siku hizi wahubiri wa injili ya mafanikio huipenda ahadi ya mara mia na kuifundisha kama mavuno ya sadaka iliyopandwa. Sehemu inayotangulia, ya kuuza vyote, husikika mara chache zaidi katika mikutano hiyo.

Katika sanaa

Mchoro unaojulikana zaidi ni wa Mjerumani Heinrich Hofmann (1889), ambao ulinunuliwa na John D. Rockefeller Mdogo, mrithi wa mojawapo ya mali kubwa kabisa za Marekani, na uko katika kanisa la Riverside, New York. George Frederic Watts wa Uingereza alimchora tajiri (1894) akiwa ameinamisha kichwa na kugeuza uso, vidole vyenye pete vikiwa nusu vimekunjwa.

Katika liturujia

Kanisa Katoliki husoma habari hii kwa kufuata Marko Jumapili ya 28 ya mwaka B, na kwa kufuata Mathayo katika kumbukumbu ya Antoni tarehe 17 Januari. Kwa Jumapili hiyo inaruhusiwa kusoma somo fupi linaloishia aya ya 27, kabla Petro hajasema neno.